Seyyid Said bin Sultan na Ushuru wa Tano kwa Mia

Katika somo la Historia twasoma habari za watawala wengi waliopata kutawala pwani ya Afrika ya Mashariki, na wengi tunawakumbuka kwa vita vyao. Katika gazeti hili la muhula napenda kueleza maisha ya mtawala mmoja aliyepigana vita pia, lakini aliyejulikana ulimwenguni zaidi kwa sababu ya forodha yake kuliko kwa sababu ya mizinga yake. Huyu ni Seyyid Said bin Sultan, Sultani wa Oman na Unguja. Nimemchagua kwa sababu siku hizi watu wazima wanabishana sana juu ya ushuru wa bidhaa zitokazo nje: kama uwe mkubwa au mdogo, na ni nani hasa anayeulipa. Mambo hayo si mapya. Yalipata kuamuliwa hapa kwetu pwani, karibu miaka mia mbili iliyopita, na matokeo yake yalionekana mpaka bara.

Seyyid Said alizaliwa Samail, katika nchi ya Oman, mwaka wa 1791. Alikuwa wa ukoo wa Albusaidi. Babu yake, Ahmad bin Said, ndiye aliyewatoa Waajemi katika Oman na kuanzisha utawala wa ukoo huo katika karne ya 18. Baba yake, Sultan bin Ahmad, alikuwa mtawala wa Muscat, mji wa bandari uliokuwa na biashara kubwa na Bara Hindi, Ghuba ya Uajemi na pwani yetu. Katika mwaka wa 1804 baba huyo aliuawa baharini na maadui zake, naye Said alikuwa bado kijana mdogo wa miaka kumi na mitatu hivi.

Yatima yule hakurithi raha. Yeye na ndugu yake Salim walikuwa ndio warithi, lakini mamlaka yalishikwa na binamu yao, Badr bin Saif, aliyejifanya mlinzi wao. Shangazi yao, Bibi Moza binti Ahmad, mwanamke mwenye akili na ushujaa, aliona kwamba mlinzi yule asipoondolewa watoto hawatatawala kamwe. Basi katika mwaka wa 1806 Said alimwua Badr, akashika utawala. Siwezi kuisifu njia hiyo, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba za watawala wa zamani zile, na msomaji ni lazima ajue kwamba mtu huyu tunayemsoma hakuwa malaika.

Kwa miaka mingi baada ya hapo Seyyid Said alihangaika Oman. Makabila ya bara yalimwasi, Mawahabi kutoka Uarabuni walimshambulia, na wapinzani wake wa Ghuba walisumbua merikebu zake. Nchi yenyewe ilikuwa kavu, yenye tende na samaki lakini haina mashamba makubwa ya kutajirisha hazina. Aliona kwamba nguvu yake ilikuwa katika bahari na biashara, na macho yake yakaelekea kusini, pwani ya Afrika, ambako watu wa Oman walikuwa na madai ya utawala tangu walipowafukuza Wareno.

Huko kusini mambo nayo hayakuwa mepesi. Unguja ilimtii, lakini Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, nao hawakutaka kumtambua. Katika mwaka wa 1824 Mazrui walimwomba Kapteni Owen, Mwingereza, aiweke Mombasa chini ya bendera ya Uingereza, na bendera hiyo ikapepea mpaka mwaka wa 1826 ilipoondolewa. Seyyid Said alipigana na Mombasa mara kwa mara, na ni mwaka wa 1837 tu ndipo alipoishika kabisa.

Katika mwaka wa 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza. Kisiwa kilimpendeza mno. Kilikuwa na maji matamu, ardhi yenye rutuba, bandari nzuri iliyokingwa na dhoruba, na kilikuwa karibu na Mrima, ambako misafara ya bara ilifikia. Basi akajenga jumba lake Mtoni, kaskazini ya mji, akaanza kukaa Unguja muda mrefu zaidi na zaidi, mpaka kufika mwaka wa 1840 Unguja ilikuwa ndiyo makao yake makuu. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka wa 1844 na ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, aliandika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka wa 1886, na humo alieleza maisha ya nyumba hiyo ya Mtoni.

Mikarafuu ilikuwa imekwisha kuletwa Unguja kabla yake kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, lakini Seyyid Said ndiye aliyeisukuma. Yasemekana aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alikuwa katika hatari ya kunyang'anywa shamba. Baada ya miaka michache Unguja na Pemba ziliipita dunia nzima kwa karafuu. Lakini kwa kuwa kila mtu alipanda karafuu, katika miaka ya 1840 bei yake ilianguka. Wakulima wa bonde letu wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa, maana mwaka ambao kila jaruba limezaa mpunga, ndio mwaka ambao gunia huwa rahisi sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe la ushuru. Hapo kwanza wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kimarekani waliofika Unguja walilalamika. Walisema kwamba wanatozwa ushuru wa kuingiza, ushuru wa kutoa, na malipo mengine ya bandari, wala hawajui hesabu itakuwaje kesho. Mmoja wao alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa mji wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Alionana na Seyyid Said Unguja mwaka wa 1828, akayasikiliza maoni yake, na aliporudi kwao akaishawishi Serikali ya Marekani ifanye mkataba. Akatumwa yeye mwenyewe katika merikebu ya kivita iitwayo Peacock, na tarehe 21 Septemba, 1833 mkataba ukatiwa sahihi Muscat.

Masharti yake yalikuwa mafupi, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Wamarekani waliruhusiwa kuingia katika bandari zote za Sultani na kufanya biashara na yeyote. Bidhaa watakazoshusha zitalipiwa ushuru wa tano kwa mia, basi, wala hapana malipo mengine juu yake. Bidhaa ambayo haikuuzwa ikarudishwa merikebuni, isilipiwe kitu. Jambo moja tu lilifungwa: bunduki na baruti katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa Serikali peke yake. Kisha Uingereza nao wakafanya mkataba wao tarehe 31 Mei, 1839, na Wafaransa tarehe 17 Novemba, 1844, na kiwango cha ushuru kikawa ni kile kile cha tano kwa mia.

Inafaa hapa nieleze ushuru ni nini, kwa ajili ya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza. Tuseme mfanyabiashara ameshusha robota la nguo lenye thamani ya reale 100. Afisa wa forodha atataka reale 5. Mfanyabiashara atazilipa pale pale, lakini hatakubali hasara hiyo ibaki mfukoni mwake. Ataiongeza katika bei ya nguo. Mchuuzi atakayenunua kwake ataiongeza tena, na mwisho wa safari atakayelipa ni yule mama anayenunua mkono mmoja wa nguo sokoni. Ushuru ukiwa mdogo, mama huyo anapata nafuu. Ushuru ukiwa mkubwa, ama analipa zaidi, ama anaiacha nguo ya kigeni na kununua ile iliyofumwa na jirani yake. Kwa hiyo ushuru wa forodha una kazi mbili: kuijaza hazina ya Serikali, na kumkinga fundi wa nyumbani. Seyyid Said aliipenda sana kazi ya kwanza. Ya pili, kwa upande wa nguo, hakuishughulikia.

Matokeo yake yalionekana upesi. Viwanda vya Massachusetts vilikuwa vinafuma kwa mashine nguo nyeupe nzito isiyotiwa rangi, imara na yenye bei ndogo. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo hiyo Unguja kwa wingi, na watu wakaiita merikani, jina ambalo limebaki katika lugha yetu hata leo. Merikani ilizishinda nguo nyingi za Bara Hindi zilizokuwa zikitumika zamani. Ilipanda misafara, ikafika Tabora na Ujiji. Huko bara ilikuwa ni fedha: wapagazi walilipwa kwa merikani, hongo za watemi zilitolewa kwa merikani, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwa merikani. Kwa mnunuzi jambo hili lilikuwa neema. Mtu ambaye zamani alivaa ngozi au gome la mti sasa aliweza kupata nguo.

Lakini tusimsahau mfumaji. Pwani na bara kulikuwa na watu waliojua kufuma nguo za pamba. Mogadishu ilisifika kwa nguo zake tangu karne ya 14, alipopita msafiri Ibn Battuta mwaka wa 1331. Ufipa na Unyamwezi walilima pamba na kufuma kwa mikono yao, kazi ya siku nyingi kwa nguo moja tu. Mfumaji huyu alishindana na mashine za Massachusetts zilizosukumwa kwa maji na mvuke, tena katika soko lililolindwa kwa tano kwa mia tu, na kwa ajili ya hazina, si kwa ajili yake. Kazi hiyo haikufa kwa siku moja; Ufipa waliendelea kufuma hata karne ya 20. Lakini ilidhoofika kila merikani ilipofika, na ujuzi ambao ungeweza kukua ukawa kiwanda haukukua. Haki inatutaka tuseme pia kwamba hata ushuru mkubwa usingetosha peke yake. Fundi akikingwa bila ya kupewa chombo bora hubaki na chombo chake cha zamani, na mnunuzi analipa zaidi kwa nguo ile ile.

Na hao Wamarekani waliofurahia tano kwa mia ya Unguja, kwao nyumbani walivikinga viwanda vyao vya nguo kwa ushuru mkubwa kuliko huo tangu mwaka wa 1816. Viwanda vile vilivyoijaza pwani yetu nguo vilikuwa vimelelewa nyuma ya ukuta wa forodha. Jambo hili wanafunzi wa uchumi wangelifikiri vizuri.

Tena mtu asidhani kwamba Seyyid Said aliacha milango yote wazi. Alipoona faida kubwa, alifunga. Katika mkataba wake na Uingereza alijiwekea pwani ya Mrima, kutoka sehemu za Tanga mpaka Kilwa, isiwe mahali pa wageni kununua pembe za ndovu na sandarusi. Mgeni aliyetaka pembe alipaswa kuzinunua Unguja, baada ya kupita katika forodha ya Sultani. Pembe zenyewe zilitozwa ushuru kufuatana na zilikotoka, na zile za Unyamwezi zilitozwa zaidi. Hivyo bidhaa za kigeni ziliingia kwa ushuru mwepesi, na mali ya bara ilitoka kwa ushuru mzito. Mwisho wa yote aliyepunjwa ni yule mwindaji wa bara, maana mfanyabiashara alijua atakacholipa pwani, akampa mwindaji bei ndogo mapema.

Forodha yenyewe Seyyid Said hakuiendesha kwa watumishi wake. Aliikodisha. Aliyekodi alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru wote, na kilichozidi kikawa chake. Aliyejulikana zaidi ni Jairam Shivji, mfanyabiashara Mhindi ambaye asili yake ni Kutch, aliyeshika forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Utaratibu huu ulimpa Sultani fedha ya hakika bila ya taabu. Lakini ubaya wake ulikuwa mkubwa: mtoza ushuru alikuwa pia mfanyabiashara, tena ndiye aliyemkopesha Sultani fedha, na kadiri deni lilivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kumwondoa. Hata balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika Unguja mwaka wa 1837, alikuwa ni mfanyabiashara pia, na kazi zake alizifanya kwa kushirikiana sana na Jairam. Wamarekani wengine walinung'unika kwamba mlango ulioandikwa katika mkataba kuwa wazi kwa wote umekuwa mwembamba kwa wasio marafiki. Kwa hiyo kiwango cha ushuru kilichoandikwa kwenye karatasi ni jambo moja, na mtu aketiye mezani kuupokea ni jambo jingine.

Kwa heshima ya nchi katika ulimwengu, Seyyid Said alipata mengi. Katika mwaka wa 1836 alimpa Mfalme William wa Nne wa Uingereza merikebu kubwa ya vita iliyoitwa Liverpool, yenye mizinga 74, naye akapewa merikebu nyingine kuwa zawadi. Katika mwaka wa 1840 alituma merikebu yake Sultana mpaka New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilifika tarehe 30 Aprili, 1840, imechukua pembe, karafuu, kahawa, tende, ngozi na mazulia ya Kiajemi, pamoja na farasi wazuri na zawadi nyingine kwa Rais wa Marekani. Watu wa New York walijazana gatini kuwatazama. Rais hakuruhusiwa na sheria ya nchi yake kuzipokea zawadi kuwa mali yake, basi zikawa mali ya taifa. Nao Wamarekani waliitengeneza upya merikebu ile kabla ya kurudi. Wakati ule mabalozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa walikaa Unguja, na bendera zao zilipepea katika mji ambao miaka hamsini nyuma haukuwa na jina kubwa duniani.

Hata hivyo, utajiri huo ulikuwa na doa ambalo hakuna mwandishi mwenye haki anayeweza kulificha. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na watumwa walikuwa bidhaa forodhani kama pembe na ngozi; ushuru ulitozwa kwa kila kichwa. Watu waliofungwa minyororo waliletwa Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, katika nchi hizi za kusini zilizo karibu na kwetu, na vijiji vingi viliharibiwa kwa ajili yao. Waingereza walimbana Seyyid Said juu ya jambo hili. Kwa mkataba wa mwaka wa 1822 alikubali watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo, na kwa mkataba wa mwaka wa 1845, ulioanza kutumika mwaka wa 1847, alikubali wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Lakini ndani ya milki hiyo biashara iliendelea, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka wa 1873, wakati wa mwanawe Barghash. Tunapohesabu fedha za forodha ya Seyyid Said, ni lazima tukumbuke kwamba sehemu yake ilikuwa ni bei ya watu.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa baharini, kama ulivyokuwa mwisho wa baba yake. Alikuwa amekwenda Oman kutengeneza mambo, na alipokuwa akirudi Unguja katika merikebu Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, akafariki tarehe 19 Oktoba, 1856. Alizikwa Unguja. Alikuwa ametawala nusu karne. Wanawe walishindania urithi, Thuwaini akiwa Oman na Majid Unguja, na Waingereza ndio waliokata shauri mwaka wa 1861 kwamba nchi hizo mbili ziwe mbali mbali, na Unguja iwe inailipa Muscat reale 40,000 kila mwaka.

Kufa kwake hakukuimaliza mikataba aliyoitia sahihi. Yeye alikuwa ameahidi tano kwa mia kwa hiari yake, akiwa na nguvu. Wanawe walirithi ahadi hiyo wakiwa wanyonge, na walipohitaji fedha hawakuweza kupandisha ushuru wa bidhaa za kigeni bila ya idhini ya mataifa makubwa. Kwanza waliukosa uwezo wa kubadili kiwango, kisha wakaikosa forodha yenyewe. Katika mwaka wa 1888 Wajerumani walipewa kukodi pwani ya kwetu pamoja na forodha zake, na kabla ya miaka michache kupita pwani hiyo ikawa yao kabisa. Unguja yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka wa 1890, na mwaka wa 1892 bandari yake ikatangazwa kuwa bandari huru. Mkataba ule ulioipandisha nchi heshima mwaka wa 1833 ulikuja kuwa kamba mikononi mwa waliofuata.

Je, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Katindiuka? Yanatuhusu sana. Tangu tarehe 1 Januari, 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina Umoja wa Forodha, na bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hutozwa kwa viwango vya pamoja. Viwango vya kawaida vilikuwa sifuri, kumi, na ishirini na tano kwa mia, na mwaka wa 2022 kikaongezwa cha nne cha thelathini na tano kwa mia. Juu ya hivyo kuna bidhaa zilizolindwa zaidi: mchele umewekewa kiwango cha 75 kwa mia, na sukari 100 kwa mia, ingawa nchi moja moja huruhusiwa kutumia kiwango kingine kwa muda.

Mchele na sukari ndiyo maisha ya bonde letu. Wazazi wetu wengi hulima mpunga, na ada zetu, madaftari na nauli za kwenda nyumbani hutoka katika magunia hayo. Kule Kidatu miwa hulimwa na sukari husagwa. Mchele wa bei rahisi kutoka Asia ukiingia bila ushuru, mnunuzi wa mjini atafurahi, na mkulima wa Ifakara atalia. Ushuru ukiwa mkubwa, mkulima atapumua, na yule mnunuzi ambaye hana shamba atanunua kilo kwa bei ya juu. Wote wawili ni Watanzania. Wala ushuru peke yake hautaleta mbegu bora, maji ya kumwagilia, wala barabara. Asiyetengeneza hayo wakati ukuta ungalipo, atajuta siku ukuta utakapoondolewa.

Na magari vile vile. Gari dogo kutoka nje kwa kawaida hutozwa 25 kwa mia, kisha huongezwa kodi nyingine, ndiyo maana mwalimu anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hupiga hesabu mara mbili. Vipande vya kuunganishia magari hupewa nafuu, kusudi kazi ya kuyaunga ifanyike humu humu Afrika ya Mashariki, kama ifanyikavyo Thika na Mombasa. Huko Marekani nako, mwaka wa 2025, Serikali ilitangaza ushuru wa 25 kwa mia juu ya magari ya kigeni, na wa 10 kwa mia juu ya bidhaa za nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Taifa lile lililomwomba Seyyid Said afungue mlango mwaka wa 1833 lilikuwa sasa linaurudisha mlango wake. Kila taifa hufungua na kufunga kwa kutazama faida yake, na sisi hatuna sababu ya kushangaa wala ya kulaani. Tuna sababu ya kutazama faida yetu.

Kwa maoni yangu, Seyyid Said alikuwa hodari katika kuona kwamba kanuni fupi na ya hakika huvuta biashara kuliko vitisho, na jambo hilo tulichukue. Alikosea katika mambo matatu: aliifanya hazina kuwa lengo la pekee bila ya kumfikiri mfumaji, aliikabidhi forodha kwa mtu aliyekuwa na biashara yake mwenyewe, na aliweka ahadi isiyo na njia ya kuibadili. La nne, la watumwa, lapita kosa, ni dhuluma. Wenzangu mtakaokuwa wakulima, wafanyabiashara, maafisa wa forodha au wabunge, kila mtakapousikia ushuru mpya ukitangazwa, ulizeni maswali haya: ni nani atakayeulipa, ni nani atakayelindwa nao, na huyo anayelindwa atajifunza nini kabla muda wake haujaisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne